Gari la zamani likigoma: soma dalili kabla ya kushika spana

Swali la kwanza gari la zamani linapogoma ni hili: nani aligusa nini mara ya mwisho? Kama jana liliwaka vizuri na leo asubuhi umebadilisha plagi, anzia kwenye plagi. Waya uliorudishwa pasipo pake, nati iliyosahaulika kukazwa, gasketi iliyokaa upande: makosa ya namna hii ni mengi kuliko vipuri vinavyokufa vyenyewe. Kwa hiyo hapa tunakwenda kwa dalili. Unaanza na unachokiona, unachokisikia au unachokinusa, kisha unapima hatua kwa hatua hadi unafika kwenye chanzo. Kununua vipuri kwa kubahatisha kunamaliza pesa, na kwenye gari la zamani kuna hasara ya pili: kipuri kipya cha leo, hasa kondensa na rota, vipuri vidogo vya kifaa cha kugawa cheche (distribyuta), mara nyingi ni dhaifu kuliko kile cha kiwandani ulichokitoa. Usikitupe cha zamani mpaka kipya kithibitike.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, jaribu, andika ulichokiona. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na gari likapona, hujui kilichoponya. Likizidi kuugua, hujui kilichoharibu. Na kabla hujapima chochote, jua gari lako ni la volti ngapi na athi yake (upande wa betri unaofungwa kwenye bodi) iko upande gani. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 yalitumia volti 6, na Volkswagen Beetle iliendelea nazo hadi miaka ya 1960. Ford Model A ya 1928 hadi 1931 na magari mengi ya Uingereza hadi miaka ya 1960 yalifungwa athi kwenye pozitivu ya betri. Kama kuna mtu aliweka alternata baadaye, kufunga betri kinyume kunaunguza daiodi zake papo hapo.

Stata inabofya tu, au inazungusha kwa uvivu

Watu hukimbilia kuishusha stata. Iache ilipo kwanza, upime betri ikiwa imepumzika. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hivi; 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 haina kitu. Kisha mwenzako apige stata wewe ukitazama mita. Ikiporomoka chini ya 9.6, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Ikibaki juu ya 11 na stata bado haina nguvu, betri haina kosa; umeme ndio haufiki.

Sasa tafuta unapokwama. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya athi ya betri, yaani nguzo yenyewe na si klempu iliyoishika, na ncha ya pili kwenye chuma tupu cha injini. Piga stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya athi ina kizuizi. Rudia hivyo hivyo upande wa pili, kutoka nguzo ya betri hadi skrubu kubwa ya stata. Kwa dakika chache utakuwa umejua kama kosa liko kwenye klempu, kebo, solenoidi (swichi kubwa ya umeme ya stata) au stata, na hujafungua bolti hata moja.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: kebo ya choki inapata moto, hata kutoa moshi, kila unapopiga stata. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani na bodi isipokuwa kwa ule mkanda wa waya uliosukwa. Mkanda ukikatika au ukiliwa na kutu, umeme wote wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na kebo ya choki au ya mafuta ndiyo iliyo karibu. Safisha ncha za mkanda huo hadi chuma king'ae, au weka mpya.

Kwenye gari la volti 6 angalia unene wa kebo. Kazi ile ile kwa nusu ya volti inataka mkondo mara mbili, na kebo nyembamba za gari la volti 12 hazitoshi. Magari mengi yamebadilishwa kuwa ya volti 12 bila sababu, wakati yalichohitaji ni kebo nene na athi safi.

Stata inazungusha vizuri, injini haiwaki

Toa plagi moja, ichomeke kwenye waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, kisha piga stata. Cheche ya buluu inayotoa mlio inatosha. Cheche nyembamba ya njano ni dhaifu. Kama hakuna kabisa, fungua kofia ya distribyuta, kwa sababu hapo ndipo magari ya zamani huugua zaidi.

Tazama pointi, yaani ncha mbili zinazofunga na kukata umeme, kwa mwanga mzuri. Pointi zenye afya zina uso wa kijivu ulio tambarare. Zikiwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, kondensa haina kipimo sahihi. Zikiwa nyeusi zimepakwa mafuta au grisi nyingi. Na kama gari limekaa miezi kadhaa, pointi zinaweza kuonekana safi kabisa na bado zisipitishe umeme, kwa sababu ya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Pitisha kipande cha karatasi ngumu safi katikati yake huku zimefunga. Mara nyingi hiyo peke yake inaliwasha gari.

Uwazi wa pointi hupimwa kwa fila geji (vibati vya kupimia uwazi) wakati kisigino cha pointi, yaani kipande kinachosukumwa na kamu, kiko juu kabisa ya pembe ya kamu. Injini nyingi za silinda nne hutaka kati ya milimita 0.35 na 0.40, lakini fuata kitabu cha gari lako. Kisigino hicho huisha kadiri gari linavyotembea, uwazi unapungua, na cheche inaanza kuchelewa. Kwa hiyo gari ambalo limekuwa likilegea kidogo kidogo kwa miezi huenda linaomba tu kurekebishwa pointi na kupakwa tone la grisi kwenye kamu.

Kama pointi ziko sawa na cheche bado haipo, washa swichi, weka mita kwenye ile skrubu ya koili (kifaa kinachokuza volti za cheche) inayokwenda distribyuta, na ncha nyingine kwenye athi. Zungusha injini kwa mkono polepole. Pointi zikiwa wazi mita isome karibu volti zote za betri. Zikifunga ishuke hadi karibu na sifuri. Ikibaki juu muda wote, umeme haufiki athi: pointi chafu, au waya wa sahani inayobeba pointi umekatika. Ikibaki sifuri muda wote huku koili inapata umeme, kuna mguso usiotakiwa: kondensa imekufa, au ile ringi bapa ndogo (washa) ya kuzuia umeme imefungwa vibaya.

Uchunguze kwa makini ule waya mfupi ulio ndani ya distribyuta. Kila ukikanyaga mafuta, sahani inayobeba pointi husogea kidogo na waya unajikunja nayo. Baada ya miaka, nyuzi za shaba hukatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Uvute taratibu kwa vidole viwili: ukirefuka kama mpira, ndani umekatika. Gari lenye waya huo huwaka likipenda, huzima ukiongeza mwendo, na limewatesa watu ambao tayari wamenunua koili, plagi na kabureta.

Usisahau kofia yenyewe. Mstari mweusi mwembamba kama nywele kati ya nguzo mbili ni njia ambayo umeme umejichongea, na haufutiki kwa kitambaa. Rota nayo inaweza kutoboka hadi kwenye shafti bila kuonyesha alama ya maana.

Cheche ikiwepo, geukia mafuta. Plagi zilizolowa maana yake petroli imezidi: kanyaga mafuta hadi chini, yashikilie hapo, upige stata hadi silinda zikauke. Plagi kavu baada ya kupiga stata kwa muda maana yake petroli haifiki. Chomoa hosi inayoingia kwenye kabureta, iingize kwenye chupa, mwenzako apige stata. Pampu nzima hutema petroli kwa mapigo yenye nguvu. Kama haitemi, legeza kofia ya tanki kabla ya kuilaumu pampu. Tundu la kuingizia hewa likiziba, tanki hujifunga na pampu haiwezi kuvuta. Ukisikia tanki linavuta pumzi unapofungua kofia, umepata jibu.

Pampu ya umeme ya SU (chapa ya Uingereza) huongea yenyewe. Inabofya mara chache kisha inanyamaza kabureta ikijaa: nzima. Inabofya mfululizo bila kukoma: inavuta hewa, au tanki ni tupu. Kimya kabisa: pointi zake za ndani zimeungua, na kuigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi kunaweza kukufikisha nyumbani. Pampu ya kusukumwa na injini ina hatari yake: dayaframu ikipasuka, petroli huingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kama oili imepanda na inanuka petroli, usiliwashe gari mpaka umerekebisha pampu na kubadilisha oili.

Cheche ipo, mafuta yapo, na gari linapiga mlipuko kwenye kabureta? Huenda nyaya za plagi zimechanganywa. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, lakini si zote. Ford Model A ni 1-2-4-3.

Linawaka likiwa baridi, linazima likipata moto

Tatizo hili hutibika ukilipima pale pale linapotokea. Ukisubiri gari lipoe, ushahidi umepotea. Beba plagi ya akiba na spana garini, na gari likizima simama mahali salama upime cheche mara moja.

Kama cheche imepotea, washukiwa ni kondensa na koili. Kondensa ikipata joto hufa, ikipoa inafufuka, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, hivyo anza nayo. Koili ipime kwa omu: ile ya volti 12 isiyotumia rezista ya nje huwa na omu 3 hivi, na ile inayotumia rezista ina kama 1.5. Ukifunga hii ya pili moja kwa moja bila rezista yake, inavuta mkondo mara mbili, inachemka hadi haishikiki, na inaunguza pointi. Kwenye baadhi ya magari rezista hiyo ni waya maalumu uliojificha ndani ya fungu la nyaya, na mtu aliyebadilisha nyaya huko nyuma huenda aliukata bila kujua.

Kama cheche ipo, huenda petroli imechemka njiani. Petroli ya leo imetengenezwa kwa ajili ya magari yanayosukuma mafuta kwa shinikizo kutoka ndani ya tanki. Gari la zamani linafanya kinyume: pampu iko mbele karibu na joto, inavuta, na mvuto huo unapunguza kiwango cha joto kinachohitajika ili petroli igeuke mvuke. Ethanoli iliyochanganywa ndani yake inaongeza shida. Kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba lake kinalifufua gari, lakini tiba ni kurudisha vile ambavyo watu huviondoa: kinga ya joto chini ya kabureta, kipande kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi, vishikizo vinavyoliweka bomba la mafuta mbali na ekzosi. Hakikisha pia taimingi haijachelewa, maana cheche iliyochelewa huzidisha joto la ekzosi na boneti nzima.

Ethanoli ina jambo jingine zito kuliko hilo. Inakula mpira wa zamani. Hosi inaonekana nzima kwa nje huku ndani inamomonyoka, na vipande vyeusi vinakwenda kuziba jeti za kabureta. Mbaya zaidi, hosi hupasuka juu ya injini ya moto, na hivyo ndivyo magari mengi mazuri yanavyoungua. Badilisha hosi zote za mafuta, pamoja na ile fupi ya kwenye tanki ambayo haionekani, kwa hosi zenye alama ya SAE J30 R9, na klempu zisizokata mpira. Kizima moto kikae ndani ya gari, karibu na mkono.

Linasitasita ukikanyaga mafuta, au halitulii

Kama lina kabureta ya SU, fungua kifuniko cha juu utazame kama kuna oili; bila oili hiyo pistoni huruka haraka mno na mchanganyiko unakuwa mwepesi kwa sekunde ile ile unayohitaji nguvu. Inua pistoni kwa kidole uiachie: inapaswa kushuka na kugota kwa mlio. Kabureta za aina nyingine zina pampu ndogo ya kuongeza mafuta. Tazama mdomoni injini ikiwa imezimwa, sukuma mkono wa mafuta, uone kama mkondo wa petroli unaruka.

Injini isiyotulia wakati haikanyagwi mafuta mara nyingi inavuta hewa mahali isipotakiwa. Paka oili nyepesi kwa brashi kwenye maungio ya manifoldi na kwenye ncha za shafti ya kabureta. Mlio ukibadilika, hapo ndipo hewa inapoingilia. Shafti iliyolika haitibiki kwa kurekebisha skrubu, hata uzigeuze mchana kutwa.

Linachemsha

Kwanza uliza linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabarani, hewa haipiti vya kutosha: mkanda wa feni umelegea, feni imefungwa kinyume, au bati linaloelekeza hewa limeondolewa. Likichemsha kwenye mwendo wa kasi au mlimani, maji hayapiti vya kutosha: rejeta imeziba, au hosi ya chini inajifyonza na kubana kwa sababu springi ya ndani imeoza. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, shuku thamostati iliyoshika au gasketi ya silinda hedi.

Rejeta ipime kwa kiganja. Liache gari lipate moto, lizime, kisha pitisha mkono kwenye uso wa rejeta ukiwa mwangalifu na feni. Panapobaki baridi wakati penginepo ni moto, maji hayapiti. Kuna tope jingine watu hawalifikirii: lililo ndani ya bloku yenyewe. Kutu na mchanga hutulia nyuma ya silinda ya mwisho kwa miongo mingi, na rejeta mpya haisaidii kitu hapo. Fungua kizibo cha kumwagia maji kilicho kwenye bloku. Kama hakitoki tone, chokonoa kwa waya hadi maji yatoke, kisha suuza kwa mpira wa maji kinyumenyume.

Gasketi ya silinda hedi hujionyesha kwa hosi ya juu kuwa ngumu injini ikiwa bado baridi, na kwa mapovu yasiyokoma kwenye rejeta. Ute mweupe chini ya kofia ya oili si ushahidi wa kutosha. Gari linalotembea safari fupi tu hukusanya unyevu na kutengeneza ute huo huo.

Usiondoe thamostati kama tiba. Injini inayofanya kazi baridi muda wote huchafua oili na kumaliza silinda mapema. Na usifungue kofia ya rejeta yenye moto, hata kwa kitambaa.

Moshi na oili

Moshi mweusi ni petroli nyingi: choki iliyoshika, boya la kabureta lililotoboka. Mweupe usiokwisha wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoungua. Wa buluu ni oili, na wakati unapotokea ndio unaotaja chanzo. Ukitokea unapoongeza mafuta baada ya kuteremka mlima bila kukanyaga, oili inapita kwenye gaidi za valvu. Ukitokea muda wote injini inapofanya kazi ngumu, ringi zimeisha. Pima kompresheni, kisha mimina kijiko cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, gasketi imeungua kati yake.

Kuna ugonjwa ulioletwa na kuondolewa kwa risasi kwenye petroli, jambo lililokamilika duniani kote mwaka 2021. Risasi iliacha utando uliokinga viti laini vya valvu kwenye hedi za chuma cha kusubu. Bila utando huo, valvu ya ekzosi ikipigwa kasi muda mrefu huzama polepole kwenye kiti chake. Dalili yake ni uwazi wa tapeti (nafasi kati ya valvu na kinachoisukuma) unaopungua kila unapoupima. Ukiona hivyo kwenye valvu za ekzosi tu, panga kuweka viti vigumu hedi itakapofunguliwa. Kama uwazi haubadiliki, iache hedi yako. Gari linalotembea taratibu linaweza kwenda miaka mingi bila kazi hiyo.

Breki

Hapa hakuna kukisia. Magari mengi ya hadi katikati ya miaka ya 1960 yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, na uvujaji mmoja unaondoa breki yote ya mguu kwa pamoja. Gari lenye dalili yoyote kati ya hizi lisiingie barabarani mpaka lipone.

Pedali inashuka polepole ukiishikilia, na hakuna mafuta yaliyovuja nje: sili za masta silinda (pampu kuu ya breki) zinapitisha. Pedali inabonyea kama sponji: kuna hewa. Pedali iko chini lakini inapanda ukipampu: viatu vya breki viko mbali na dramu. Breki nyingi za dramu za zamani hazijirekebishi zenyewe, na kuna bolti za marekebisho nyuma ya kila gurudumu ambazo wenye magari mapya hawajawahi kuzisikia. Gari linavuta upande mmoja: fungua upande wa pili, usiovuta, kwa sababu huko ndiko silinda iliyoshika au lainingi iliyolowa oili iliko.

Breki zisizoachia zinahitaji subira kidogo. Inua gurudumu lililobana, lizungushe kwa mkono uone uzito wake, kisha fungua skrubu ya kutolea hewa. Gurudumu likilegea palepale, shinikizo lilikuwa limenaswa. Sasa linaswa wapi? Kanyaga tena libane, kisha legeza ungio la bomba la chuma linaloingia kwenye hosi ya mpira. Likiachia hapo, kosa liko juu, kwa kawaida masta silinda ambayo fimbo yake haina nafasi ndogo ya kucheza na hivyo kuziba tundu la kurudishia mafuta. Likiendelea kubana, hosi ndiyo mhalifu: mpira umevimba ndani, mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite lakini springi za viatu hazina nguvu ya kuyarudisha. Ipasue hosi hiyo kwa urefu baada ya kuibadilisha. Utakuta tundu lililobaki halipitishi hata sindano, na hutaacha tena hosi za zamani kwenye gari lolote.

Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hufyonza unyevu wa hewa, yanatia kutu silinda kutoka ndani, na yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki nayo. Citroën DS za baadaye hutumia LHM, mafuta ya kijani ya madini, na hayo yakiingia kwenye breki za kawaida huvimbisha kila mpira. Aliyemimina oili ya injini kwenye kopo la breki, hata kidogo, amejipatia kazi ya kubadilisha mipira yote.

Vumbi la lainingi za zamani lichukulie kuwa lina asbesto. Usilipulize kwa hewa wala kulifagia likiwa kavu. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, ukifunge kitambaa hicho kwenye mfuko.

Gia zinakwaruza

Magari mengi ya zamani hayana sinkro (ringi zinazolinganisha mwendo wa gia) kwenye gia ya kwanza. Kukwaruza unapoiingiza gari likitembea si ugonjwa. Gia nyingine zikikwaruza, uliza ni oili gani iliyowekwa: oili za daraja la GL-5 nyingi zina viungo vya salfa vinavyoweza kula shaba ya ringi za sinkro, kwa hiyo gia boksi ya zamani ipewe GL-4 kama kitabu hakisemi vingine. Na kama gari limelala muda mrefu na gia haziingii kabisa injini ikiwaka, klachi imegandana na flaiwili kwa kutu. Izime, funga pedali ikiwa imekanyagwa kwa kipande cha mbao, iache siku kadhaa. Mara nyingi hujibandua yenyewe.

Gari lililolala miaka mingi

Hamu ya kulisikia ni kubwa, na ndiyo inayoharibu injini. Usipige stata. Toa plagi zote, mimina oili nyepesi kwenye kila silinda, subiri. Kama injini imekwama, mchanganyiko wa nusu oili ya gia boksi ya otomatiki na nusu asetoni hupenya vizuri penye kutu. Unawaka moto upesi, kwa hiyo fanyia kazi nje. Baada ya siku kadhaa jaribu kuzungusha kranki shafti kwa spana, nyuzi chache mbele, chache nyuma. Ukitumia nguvu utavunja ringi.

Ikizunguka, fungua kifuniko cha valvu uendelee kuzungusha kwa mkono huku ukitazama kila valvu ikishuka na kurudi. Iliyoshika chini itapinda fimbo yake siku ya kwanza ya stata. Mwaga oili uweke mpya, mwaga petroli yote, safisha tanki. Zungusha stata bila plagi hadi geji ya oili ipande, ndipo uwashe.

Tairi zisome ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka: 0915 ni wiki ya 9 ya mwaka 2015. Zikiwa tatu tu, tairi ni ya kabla ya 2000, na haifai hata kama meno yake ni mapya.

Kutu, na mpaka wa kurekebisha

Lengelenge la rangi ukubwa wa punje ya mtama maana yake kutu imetoka ndani, na nyuma yake kuna eneo kubwa mara nyingi zaidi. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa laini kwenye vizingiti vya chini ya milango, pembe za chini za mawingi (bati za juu ya magurudumu) na kuzunguka taa. Inapoacha kushika kuna pati, si bati. Kabla ya kukata, tafuta maji yalikoingilia: matundu ya kutolea maji chini ya milango yaliyozibwa na majani, mpira wa kioo uliokauka. Bati jipya kwenye njia ile ile ya maji litaoza vile vile.

Kata hadi kwenye chuma kizima kisha chomelea. Bati lililobandikwa juu ya kutu linaficha tu. Kwenye gari lisilo na chesisi ya kujitegemea, funga mihimili ya kushikilia matundu ya milango kabla hujakata kizingiti, la sivyo bodi italegea katikati na milango haitafunga tena. Chomoa betri, na tanki la petroli litolewe kabisa, lisisogezwe tu. Ukimaliza, nyunyiza nta ndani ya sehemu zote za bodi zenye uwazi.

Zaidi ya hapo, zuia mkono. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifika angalau miaka 30, na Mkataba wake wa Turin unatanguliza kuhifadhi kuliko kufanya upya. Nakubaliana nao kabisa. Rangi ya kiwandani iliyofifia, kiti kilichopasuka mshono mmoja, alama ya fundi wa kiwandani kwa chaki nyuma ya ubao wa mlango: vikishaondolewa hakuna awezaye kuvirudisha. Safisha, kaza, zuia kutu, shona mshono. Na kila kipuri cha asili unacholazimika kukitoa, kipige picha kikiwa mahali pake, kifunge, andika kimetoka upande gani, ukiweke pamoja na gari.